Nilinunua baiskeli ya gia, alafu nikazitoa gia

"Kijana wangu, watu wananiletea baiskeli niwawekee gia, we unaleta nizitoe?"

Mzee fundi aliniuliza hivo bila hata kuinua kichwa, alikuwa amezamisha tyubu ya mtu kwenye karai la maji anatafuta kitundu, na wale vijana wawili ambao kila siku wanakaa pale kwenye benchi lake chini ya mwembe bila kuleta baiskeli yoyote wakaanza kucheka. Nikamwambia shikamoo tena kwa mara ya pili, maana nilihisi ile ya kwanza haikutosha kwa ombi nililokuja nalo. Ndio mzee, nataka utoe gia zote, ibaki moja tu kama zile baiskeli za Phoenix za China.

"Kama Phoenix," akarudia. "Si ungenunua Phoenix?"

Swali zuri na sikuwa na jibu siku ile, sa nimepata muda wa kukaa niandike basi ngoja nilijibu.

Baiskeli yenyewe ni ile mitumba ya inchi 26, fremu ya chuma, spoketi (vile visahani vya meno vinavyobeba cheni) 3 mbele na 7 nyuma, kwaiyo kwenye makaratasi ni gia 21. Niliinunua hapa Morogoro kwa laki na nusu, imeshushwa kwenye kontena, ina stika ya duka la huko ilikotoka, na mwenye kuuza akaniambia "hii ni mauntaini orijino bana, hii hata Uluguru unapanda". Mi nakaa Kihonda na kazi yangu iko mjini, kwaiyo Uluguru siipandi, mi napita Msamvu tu asubuhi nikikwepa mabasi na bajaji na jioni narudi njia ileile. Miezi minne ya kwanza zile gia nilizichezea kama mtoto, klak klak klak, kila kijimwinuko nabadilisha. Alafu masika ikaja.

Kama unaijua Kihonda ya ndani kwenye barabara za udongo hujahitaji nieleze, lakini kwa wa mbali ni kwamba ule udongo ukilowa unageuka kuwa kitu kama unga wa ugali uliokosa maji ya kutosha, unashika kwenye tairi, tairi inaupeleka kwenye breki, breki zinaukwangua unaangukia kwenye cheni, cheni inaubeba mpaka kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma, na pale unakaa, unakauka, unakuwa simenti. Mwezi wa nne gia ya nyuma ilikuwa inajichagulia yenyewe. Nakanyaga niko ya nne, katikati ya barabara inaruka ya sita, mguu unapiga hewa, moyo unashuka tumboni. Waya wa gia ulishapata kutu ndani ya kava lake ukawa hauteleziki. Vile vishikio vya kubadilishia, cha kushoto kikafa kabisa.

Nikaenda dukani kuuliza bei ya kurudisha kila kitu kama kilivokuwa. Mkono wa gia wa nyuma 25,000, friwili, yani lile rundo la spoketi za nyuma, ya ngazi 7 ni 20,000, cheni 12,000, vishikio 15,000, waya na kava zake 4,000. Jumla 76,000, nusu ya bei ya baiskeli nzima, na masika nyingine si inakuja mwakani? Yani nakarabati kitu ambacho udongo unakisubiri pale getini.

Hapo ndo nikaanza kuangalia baiskeli za watu. Najua inachekesha, mtu mzima anasimama Msamvu anakodolea macho cheni za wauza mkaa. Ila angalia na wewe siku moja. Yule jamaa wa mkaa, magunia matatu nyuma, Phoenix ya mwaka gani hata mwenyewe hajui, gia moja. Muuza samaki, gia moja. Mzee anayepeleka nyasi za ng'ombe, gia moja, na cheni yake imekaa imelegea kidogo inatoa mlio wa swii swii kwa kukosa oili na bado inaenda. Hakuna hata mmoja ambaye cheni inamruka. Nilihesabu meno ya Phoenix ya jirani yetu, 48 mbele na 20 nyuma, na huyo jirani ana miaka sitini na ushee.

Alafu nikaenda kusoma na huko ndo nikachoka kabisa. Kumbe hizi baiskeli za milimani zenyewe zilizaliwa bila gia. Miaka ya 70 kule California, kaunti ya Marin, vijana walikuwa wanachukua baiskeli nzito za zamani za Schwinn, za kukanyaga kinyumenyume ili ushike breki, wanazipandisha mlimani kisha wanashuka nazo kwenye njia ya vumbi mbio mbaya. Mashindano yao ya kuteremka yalianza 1976, na ile njia wakaiita Repack kwa sababu breki ya ndani ya habu, kile kitovu cha katikati ya tairi, ilikuwa inapata moto mpaka grisi yote inaungua na kutoka moshi, kwaiyo ukifika chini lazima ufungue habu uijaze grisi upya. Gia walikuja kuziweka baadae ili waweze kupanda bila kusukuma, na 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper yenye gia 15. Hata Tour de France, iliyoanza 1903, mikono ya gia ilikuwa marufuku mpaka 1937, kabla ya hapo mtu akifika chini ya mlima anashuka, anachomoa tairi ya nyuma, anaigeuza upande wa pili wenye spoketi kubwa, anaifunga, anapanda. Sa mi na Msamvu yangu nahitaji gia 21 za nini?

Na zaidi ya hapo nikakuta kuna wazungu wanauziwa vifaa maalumu vya kugeuza baiskeli ya gia kuwa ya gia moja, singo spidi wanaita, kiboksi kizuri kina spoketi moja, vipete na kijimkono cha kukaza cheni, bei yake ukiibadilisha kwa shilingi unaweza kulia. Wakati mzee fundi yuko pale chini ya mwembe na msumeno wake.

Turudi kwake. Alipomaliza pancha akanawa mikono, akaipindua baiskeli yangu juu chini, akazungusha pedeli, akasikiliza. Akasema kitu kimoja tu, "friwili hii ni ya kufunga kwa nyuzi, una bahati." Nieleze hapa kwa sababu ukikosea hapa umekosea kote. Nyuma ya baiskeli ya gia kuna mifumo miwili. Kuna friwili, ambayo mlio wa tiktiktik na vibanzi vyake vyote viko ndani ya lile rundo la spoketi, na rundo zima linafungwa kwenye habu kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa. Na kuna kaseti, ambayo spoketi zinachomekwa tu kama mishikaki kwenye pipa lenye mifereji, na mlio uko ndani ya pipa. Baiskeli za bei ya chini, hizi zetu za mitumba za ngazi 6 au 7, nyingi ni friwili. Na utamu wa friwili ni kwamba nyuzi zake ni zilezile karibu dunia nzima, inchi 1 na nukta 37, nyuzi 24 kwa inchi. Friwili ya Phoenix ya China, ya Hero ya India, ya BMX ya mtoto, zote zinaingia kwenye habu ile ile.

Kuitoa ya zamani kuna kifaa chake, ni kama soketi yenye mifereji, unaiingiza unazungusha na spana kubwa imetoka. Mzee hana. Akaniambia "kwani unaitaka tena?" nikasema hapana, akachukua panchi na nyundo.

Hii sehemu nilitamani ningekuwa na simu yenye kamera ya maana. Usoni kwa friwili kuna kifuniko cha duara chenye vitobo viwili. Akaweka panchi kwenye kitobo kimoja akaanza kugonga, lakini anagonga kuelekea upande wa kukaza, kufuata saa, mi nikamwambia mzee unakaza, wale vijana wa benchi wakacheka tena, safari hii mimi ndo nachekwa vizuri. Kumbe kile kifuniko nyuzi zake ni za kushoto. Kikaachia. Akaniambia shika karai. Akainamisha tairi akachomoa rundo la spoketi lote kwa pamoja na goroli zikamwagika kwenye karai kama mtama, ndogo ndogo, nyeusi kwa grisi ya miaka mingi, zingine zikaruka nje na kuku wa jirani akaja kuangalia kama ni chakula. Pale kwenye habu kikabaki kipande cha chuma kama pete nene, vibanzi viwili vimesimama vina springi. Akakibana kile kipande kwenye vaisi yake iliyofungwa kwenye gogo, tairi ikawa imelala juu kama usukani, akaishika rimu kwa mikono miwili akaikata kama dereva wa lori anayeingia gereji. Kraaak. Imetoka. Dakika 10 hazijafika.

Hapo akanituma dukani nikanunue friwili ya meno 18, na hapa ndo nilipofanya kosa la 13,000. Nikanunua ya Phoenix, 6,000, nzuri inang'aa. Akaifunga, akarudisha cheni yangu ileile, cheni ikakaa juu ya meno haiingii. Inapanda juu inakaa kama mtu amekaa kwenye ukuta wenye chupa. Sababu ni kwamba cheni za baiskeli zina upana mbili. Za gia ni nyembamba, ndani yake ni thelathi... ngoja niseme vizuri, 3/32 ya inchi. Za Phoenix na wenzake ni 1/8. Cheni pana inakaa kwenye meno membamba bila shida, ila cheni nyembamba kwenye meno manene hapana. Nikasema basi nanunua cheni pana, 7,000, tumemaliza. Tukaivalisha. Kule nyuma safi kabisa. Mbele sasa, spoketi zangu tatu zimepigwa ribiti, yani haziachani, 28, 38 na 48 zimekaa kama sahani kwenye kabati, nami nilitaka ile ya kati, na cheni pana ikikaa kwenye ya kati inaisugua ile kubwa ubavuni. Krrr krrr krrr kila mzunguko.

Mzee akanitazama. Akasema "rudi, tafuta friwili ya baiskeli ya mtoto, zile BMX, shika jino na kucha uone kama ni jembamba." Nikazunguka maduka matatu nikaipata kwa 9,000, meno 18 membamba. Ile ya Phoenix na cheni pana nikamwachia mzee, nadhani alishaiuza siku hiyohiyo. Kwaiyo ukiwa unafanya hii kitu nenda dukani na kipande cha cheni yako mkononi, usiende na kichwa tupu kama mimi. Na kama krenki yako, yani mkono wa pedeli na spoketi zake za mbele, ni ya bolti sio ribiti, toa spoketi usizozitaka, ila ujue zile bolti zitakuwa ndefu, utaweka washa ndogo ili zikaze. Zangu niliziacha zote tatu, ile kubwa imekuwa kinga, suruali hailiwi.

Kwanini 38 na 18? Gawa, unapata 2 na kidogo. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja tairi inazunguka mara mbili na kidogo, tairi ya inchi 26 mzunguko wake ni kama mita 2, kwaiyo kila pedeli moja nasogea mita 4 na sentimita 37 hivi. Nikikanyaga raundi 70 kwa dakika, mwendo wa mtu asiyechelewa wala asiyewahi, ni kilomita 18 kwa saa. Nikipanic nimechelewa, raundi 95, naingia 25, na hapo miguu inakuwa kama ya kuku anayefukuzwa, zaidi ya hapo haiendi hata umlipe nani. Watu wa milimani wanapenda 2 kwa 1 kamili au chini ya hapo. Kwa tambarare ya lami tupu unaweza kwenda hata 2 na nusu, jirani na 48 yake kwa 20 na tairi la 28 anasogea mita 5 na ushee kila pedeli, ndo mana anakanyaga polepole kama anawaza.

Kuna kitu kingine ambacho mi nisingekijua kamwe. Friwili ya spoketi moja ikifungwa kwenye habu iliyotengenezwa kwa spoketi saba inakaa ndani sana, karibu na spoku, wakati spoketi ya mbele iko nje. Cheni inakwenda mshazari, na cheni ya gia moja haitaki mshazari, inataka mstari. Mzee alifumba jicho moja akaangalia kutokea nyuma kama anapima ukuta kwa jicho, akasema "haijanyooka". Akafungua ekseli, akahamisha washa mbili nene kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, kwaiyo habu nzima ikasogea kulia. Rimu nayo ikawa imehama sio katikati tena, basi akaanza spoku, za kulia analegeza nusu mzunguko, za kushoto anakaza nusu mzunguko, anazunguka nzima, anapiga jicho kwenye raba za breki aone nafasi huku na huku zinalingana, anarudia. Hii ilichukua muda kuliko kazi yote. Na kumbe ina faida, maana tairi ya gia spoku za kulia zimekaza sana na za kushoto zimelegea kwa vile habu imesukumwa kando ipishe zile spoketi saba, sa ukiirudisha katikati pande zote zinabeba sawa. Hiyo rimu mpaka leo haijapinda, na mashimo ya kwetu mnayajua.

Grisi kwenye nyuzi za friwili usisahau. Kila ukikanyaga inajikaza yenyewe, ukija kuitoa baada ya mwaka bila grisi utamtukana fundi bure.

Kwa wenye kaseti, mshkaji wangu wa Iringa ndo alifanya ya kwake na yeye alitumia hela ndogo kuliko mimi. Kaseti yake ya zamani aliisaga zile ribiti ndefu tatu zinazoshika spoketi pamoja, zikaachana, akachagua moja ya meno 20 maana Iringa ni mlima juu ya mlima, zingine akatupa. Ile nafasi iliyobaki kwenye pipa inabidi ujaze na kitu ili spoketi isitembee. Alichukua tairi begani akaenda nayo kwenye duka la vifaa vya maji, akajaribisha mabomba ya plastiki mmoja mmoja mpaka akapata linaloingia kwenye pipa bila kucheza, akanunua kipande, akakata pete mbili na msumeno wa chuma, moja nyuma moja mbele, akafunga na ile nati yake ya mwisho. Uzuri ni kwamba akitaka kusogeza spoketi inyooke na ya mbele anakata pete moja ndefu na nyingine fupi, basi. Anasema muuza mabomba mpaka leo akimuona anamuuliza maji yametoka?

Sasa tatizo kubwa. Angalia Phoenix pale ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu, ni mfereji mrefu unaolala, cheni ikilegea unafungua nati unavuta tairi nyuma unakaza. Fremu ya gia haina hiyo. Mfereji wake umesimama, ekseli inaingia kutoka chini inagota juu, mwisho. Huna pa kuvuta. Na cheni huwezi kuikata urefu wowote unaotaka, pingili moja ni nusu inchi na zinapokezana, ya ndani ya nje ya ndani ya nje, kwaiyo unatoa mbili mbili, inchi nzima kwa mara moja. Ukitoa imekuwa fupi haifiki, ukiacha imelegea inaning'inia. Mwenye bahati meno yake yanaangukia sawasawa na urefu wa fremu. Mi yangu ilibaki imelegea kidogo, kama sentimita na nusu hivi ukiibonyeza katikati.

Mzee akasema njia rahisi ni kuuacha ule mkono wa gia pale pale, cheni ipite kwenye vile vigurudumu vyake, kazi yake iwe kukaza tu. Mi nikakataa. Nilitaka nyuma pawe safi, pasining'inie kitu, nimetoka kuongea wiki nzima kwamba natoa gia zote alafu nibaki na mkono unaning'inia, si aibu? Akasema sawa. Akachukua ekseli ya zamani akaniambia leta 3,000 ya ekseli nyingine, nikashangaa, akasema "nitapiga tupa, na tupa napiga kwenye ekseli sio kwenye fremu, ekseli ukiiharibu ni elfu tatu, fremu ukiiharibu ni kilio." Akaisaga ekseli mpya pande mbili pale inapokaa kwenye mfereji, milimita moja tu, ikapata nafasi ya kurudi nyuma hiyo milimita. Ukiambiwa milimita moja unaona ni nini? Cheni ilikaza. Ilikaa kama waya wa gita.

10,000 ya ufundi nikampa. Ukijumlisha na makosa yangu ni 35,000.

Nikavikusanya vilivyotoka, mikono miwili ya gia, vishikio, waya, kava, rundo la spoketi, nikapita kwa mama muuza vitunguu pale karibu nikamuomba mizani. Kilo 1 na robo, tena nimetoa ile friwili mpya kwenye hesabu. Akaniuliza naviuza shilingi ngapi kilo.

Wiki tatu zile bana! Kimya. Hicho ndo nilichokuwa sikitarajii, ukimya wake, hakuna klak, hakuna kugonga gonga kwa cheni kwenye fremu ukiruka shimo, unasikia tairi tu kwenye lami na ukiacha kukanyaga tiktiktik ya friwili. Na akili inapumzika, maana ukiona mwinuko huna cha kuamua, unasimama kwenye pedeli unakanyaga au unashuka unasukuma. Jirani mwenye Phoenix aliiona siku ya pili, akazunguka kuitazama, akacheka taratibu, "yani mwanangu umenunua baiskeli ya gia ukatoa gia?" Nikamwambia ndio mzee. "Na umelipa?" Ndio. Akaondoka anatikisa kichwa na mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na hiyo habari. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa upole kama kazini kuko salama.

Nisidanganye kuhusu milima. Barabara ya kupanda Rock Garden nilikuwa napanda na gia ndogo nimekaa kitako napiga stori, sa hivi nafika nusu nashuka. Morningside sijajaribu na sitajaribu, kule hata na gia 21 nilisukuma. Kama kila siku njia yako inapanda, weka meno 20 au 22 nyuma au baki na gia zako, mi sikupigii debe. Na upepo wa mbele nao ni mlima, hili hawakwambii.

Jumapili ya wiki ya nne nilikuwa natoka Bigwa, kuna kipande kinapanda, nikasimama kwenye pedeli natia nguvu zote na nyuma yangu kuna bodaboda anapiga honi, na cheni ikatoka. Ukiwa umesimama umetupia uzito wote mguu wa kulia na cheni ikitoka, ule mguu hauna kitu cha kuushika, unashuka wote na mwili unaufuata, na katikati ya mwili na ardhi kuna bomba la juu la fremu. Wanaume wataelewa. Nilikaa pembeni ya barabara kwenye majani dakika kadhaa nikiangalia mlima, bodaboda akasimama akauliza "vipi kaka", nikamwonyesha kidole gumba kwa sababu sauti ilikuwa haitoki.

Cheni ilikuwa imerefuka. Zinarefuka zote, pini zinalika, na yangu ilikuwa ya zamani ilishakula udongo wa masika nzima. Unaweza kupima kwa rula tu, pingili 24 zikiwa mpya ni inchi 12 kamili pini kwa pini, ikifika inchi 12 na 1/8 hiyo ni ya kutupa. Yangu ilikuwa imepita hapo, na nilikuwa na rula nyumbani muda wote. Ile milimita moja ya ekseli ilishaliwa, na kwenye mfereji uliosimama huna milimita ya pili.

Nikasukuma mpaka kwa mzee fundi. Jumapili alikuwa yupo na wale wawili wa benchi pia walikuwepo, sijui wanakula saa ngapi. Nikaweka cheni mpya nyembamba, 12,000, kwaiyo sasa imekuwa 47,000 kama unahesabu na mi nahesabu. Mpya ikakaza vizuri lakini mzee akaivuta kwa kidole akasema hii nayo miezi mitatu utanirudia, alafu akaingia kwenye kiboksi chake cha mbao cha vyuma vibovu, akapekua, akatoa kitu amekifunga kwenye kipande cha gunia. Mkono wangu wa gia. Ule ule, nilikuwa nimemwachia na vyuma vingine. Ameusafisha, vigurudumu vimetiwa oili, vinazunguka.

Akaufunga. Akachukua kipande cha waya wa breki kirefu kama kidole akakipitisha pale waya wa gia unapoingia, akauvuta mkono mpaka vigurudumu vikakaa sawa kabisa chini ya friwili, akakaza bolti, akakata waya uliobaki. Ile skrubu ndogo ya pembeni akaizungusha kidogo kumalizia. Pedeli zikazunguka, cheni ikapita S yake pale chini, mstari mnyoofu, haigusi kitu. Hajaniambia neno na hela hakuchukua, alisema ile ni mali yangu.

Mwezi wa nane huu, haijatoka hata mara moja. Ukinipita Msamvu ukaona baiskeli yenye mkono wa gia nyuma na spoketi tatu mbele, vishikio hakuna, ni mimi. Jirani aliuona jioni ileile niliporudi, akasimama getini na Phoenix yake, akainama akautazama muda mrefu.

"Kumbe umezirudisha?"